Siku Kumi za Danieli na Chupa ya Koko

  Leo tunataka kuzungumza juu ya dawa na maneno ya dawa. Jambo lenyewe limetuuma sisi wenyewe, kwa hiyo mtatuwia radhi tukianza na kosa letu kabla ya kugusa makosa ya wengine.

Katika ushirika wetu yuko mama mzee ambaye watu wote, Wamaasai kwa Wakikuyu kwa Wakamba, humwita koko, yaani nyanya. Amekuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Kila asubuhi alimeza vidonge vyake, kila mwezi alipanda matatu kwenda kliniki, na maisha yakaendelea. Ndipo ikaja ile chupa.

Gari lile mnalijua. Siku ya soko husimama kando ya barabara ya Namanga, kipaza sauti juu yake, na sauti haipumziki. Chupa moja ni shilingi 1,500, na dozi kamili ni chupa tatu. Inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, maumivu ya viungo na ugumba, tena inasafisha damu na kutoa sumu zote mwilini. Dada mmoja wa ushirika alinunua, akanywa, akajisikia mwepesi, akaomba nafasi ya kushuhudia. Nasi tukampa. Tulimpa kipaza sauti chetu baada ya ibada, watu wakapiga makofi, na Jumapili iliyofuata tukachanga ili koko naye anunuliwe chupa tatu. Hatukuuliza swali hata moja.

Koko akaviacha vidonge vyake, kwa maana muuzaji alimwambia kwamba dawa yake na dawa za hospitali hazipatani. Majuma mawili ya kwanza alisema yu mzima. Halafu ikaja kiu isiyokatika, na kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo. Akachomwa na mwiba mguuni, kidonda kikakataa kupona. Katika juma la sita mjukuu wake alimkuta asubuhi hajitambui. Alilazwa majuma matatu na kukatwa vidole viwili vya mguu.

Tulipokwenda kumtazama, hakutulaumu. Alituuliza tu: “Wanangu, yule dada alisimama mbele ya madhabahu. Si mwongo, namjua tangu akiwa mtoto. Mbona yeye alipona?”

Basi tulikwenda kwa dada huyo tukamwuliza kwa upole yale ambayo tulipaswa kumwuliza mwanzo. Je, alikuwa na sukari? Ndiyo. Nani alimpima? Muuzaji yule yule. Alimpa kijiti cha chuma akishike mkononi, kikiwa na waya uliokwenda kwenye kompyuta, na baada ya dakika moja ikatoka karatasi yenye magonjwa kumi na moja, sukari ikiwa mojawapo. Wasikilizaji, sukari ya damu haijulikani kwa kushika chuma. Kliniki huipima kwa tone la damu, na hupata namba. Asubuhi kabla ya kula, namba ikifika 7 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, huo ndio ugonjwa wa sukari. Dada yetu hakuwahi kutolewa hata tone.

Tena alitueleza kwamba muuzaji alimwagiza aache soda, mandazi na chipsi, na atembee kila jioni kwa muda wote wa dozi. Akafanya hivyo, akapungua uzito. Ni nani asiyejisikia mwepesi akiacha soda na mandazi kwa miezi miwili? Hakusema uongo hata kidogo. Alisema alivyojisikia, na alichotaja kama sababu ni kile alichokilipia fedha.

Lakini liko jambo zito kuliko hilo. Wale walionunua chupa ile wasipone, wako wapi? Wako nyumbani. Wengine wako wodini. Mtu ambaye dawa haikumsaidia haombi kipaza sauti. Pengine anaona haya, pengine ameambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Kwa hiyo hata kama wamekunywa watu mia na kumi tu wakaona nafuu, kanisani tutawasikia wale kumi, na tutatoka tukiamini kwamba kila anywaye hupona. Na hao kumi, huenda wangepata nafuu hata bila chupa, kwa kuwa maumivu mengi hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hununua dawa wakati yamepanda.

Jambo hili linatushangaza sana hapa Kajiado, kwa sababu mfugaji wa hapa hadanganyiki kirahisi katika habari za mifugo yake. Mwambie kuna chanjo ya ndigana kali, atakuuliza: ni ndama wangapi walichanjwa kwa jirani? Wangapi walikufa? Na wale wasiochanjwa katika boma lile lile, msimu ule ule, walikuwaje? Chanjo iliyotengenezwa Muguga katika miaka ya 1970 ilikubaliwa na Wamaasai wengi kwa hesabu ya namna hiyo, ndama waliovaa hereni ya sikio wakilinganishwa na wasiovaa. Mtu huyo huyo akija sokoni kununua dawa ya mama yake, hesabu yote huisahau.

Tungeweza kujifunza kwa Danieli. Katika sura ya kwanza ya kitabu chake, yeye na wenzake watatu walikataa chakula cha mfalme. Hakumwambia msimamizi wake aamini tu. Alimwomba awajaribu kwa siku kumi, wao wale mboga na kunywa maji, kisha awalinganishe na vijana waliokula chakula cha mfalme, na baada ya kutazama aamue mwenyewe. Muda uliwekwa mapema, likawapo kundi la kulinganisha, na mwamuzi hakuwa Danieli. Ni kweli, siku kumi ni chache, vijana wanne ni wachache, na uso wa mtu si kipimo cha damu yake. Daktari wa leo angedai zaidi. Lakini muuzaji wa ile chupa hajafika hata hapo.

Wako watakaosema kwamba tunawatilia shaka watu wa Mungu. Ndugu zetu, hebu tukumbuke mwaka 2011. Magari yalitoka hapa petu yakapita Namanga, yakaenda mpaka kijiji cha Samunge huko Loliondo, Tanzania, kwa Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye wengi walimwita Babu. Alitoa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema aliagizwa na Mungu katika ndoto. Bei hiyo si ya mwizi. Mawaziri walikunywa, maskini wakanywa, na foleni ya magari ikafika kilomita nyingi. Wagonjwa kadhaa walifia katika foleni ile, wengine wakiwa wametolewa vitandani hospitalini. Wako walioacha dawa za Virusi vya Ukimwi kwa kuamini kwamba wamepona. Foleni ikaisha, na Babu mwenyewe akafariki mwaka 2021. Hatumhukumu. Twasema tu kwamba mtu aweza kuwa mnyofu, asiye na tamaa, naye akawa amekosea juu ya kikombe chake.

Wala wenye vyeo na maabara hawakusalimika. Mwaka 1990 hapa Kenya, Rais Moi aliitangaza Kemron, dawa ya Ukimwi iliyotoka KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa matibabu. Taifa zima lilifurahi, nasi tulifurahi, maana tulikuwa tunazika vijana. Baadaye madaktari wa Uganda walifanya kama Danieli, lakini kwa ukamilifu zaidi. Walichukua wagonjwa zaidi ya 500, nusu wakapewa dawa ya namna ile, nusu wakapewa kitu kilichofanana nayo kisicho na dawa ndani, na hakuna aliyejua nani amepewa nini, wala mgonjwa wala daktari, mpaka hesabu ilipokwisha. Makundi mawili hayakutofautiana. Ilikuwa habari chungu, lakini ilikuwa kweli. Dawa ambazo leo zinawaweka hai watu wetu wenye virusi zilipita katika mizani hiyo hiyo, na zenyewe hazikuanguka.

Msije mkadhani tunadharau miti shamba. Supu ya mifupa na mizizi tumeinywa, na tutainywa tena Mungu akipenda. Lakini sikilizeni habari hii ya vile vidonge alivyoviacha koko. Jina lake ni metformin. Asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, ambao watu wa zamani waliutumia kama dawa. Mmea wenyewe una sumu, na kondoo wakiula kwa wingi hufa. Wataalamu wakatafuta ni kitu gani ndani yake kinachoshusha sukari, wakatengeneza kinachofanana nacho kisicho na ukali ule, na mwaka 1957 daktari wa Ufaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa sukari. Kwa hiyo koko wetu aliacha dawa yenye asili ya mmea, iliyopimwa kwa miaka mingi, akafuata maji ya mimea yasiyopimwa na mtu, kwa sababu aliambiwa kwamba hayo ndiyo “ya asili”.

Na katika chupa huenda mmefichwa vingine. Katika nchi mbalimbali wapimaji wamefungua “dawa za asili” za sukari na za viungo, wakakuta ndani yake dawa za hospitali zilizosagwa kwa siri bila kipimo. Mgonjwa huona nafuu ya haraka, asijue anameza nini. Hapa Kenya iko Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo kazi yake ni kusajili bidhaa hizi. Chupa isiyo na namba ya usajili iacheni kando ya barabara. Hata yenye namba, mkaiulizie kliniki kabla hamjaacha kidonge chochote.

Wazee wa ushirika wetu wameamua kwamba mtu atakayeshuhudia kupona ugonjwa aje kwanza na karatasi mbili, ya kipimo cha kliniki kabla na ya kipimo cha kliniki baadaye, na aseme dawa zote alizokuwa akitumia. Wengine wamenung'unika. Mmoja alisema tunamwekea Mungu masharti. Tukamjibu kwamba Bwana Yesu alipowatakasa wenye ukoma aliwatuma kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kuutazama ugonjwa ule na kuamua.

Koko amerudi nyumbani. Anatembea kwa mkongojo, anameza vidonge vyake, na kadi ya kliniki huiweka ndani ya Biblia yake. Mwezi uliopita aliomba nafasi baada ya ibada. Tulidhani anataka kushukuru kwa maombi. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema: “Mimi nilikunywa ile dawa chupa tatu. Sikupona.” Kisha akarudi polepole mahali pake akaketi. Kanisa lilinyamaza kimya, watu wakitazamana, wasijue kama wapige makofi au wasipige.