"Inasemekana": Ni Nani Aliyesema?

(Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa chama, kipindi cha lugha. Yameandikwa karibu vile yalisemwa.)

Mumeniomba niongee juu ya Kiingereza cha makaratasi, kile tunachokikuta kwenye ripoti na barua za mashirika. Ni kikubwa sana. Leo nachukua kipande kimoja: "it is said", "it is reported", "it is believed", na ndugu yao "alleged".

Sisi tunayo ya kwetu. Kitabuni tunasoma "inasemekana" na "inaaminika". Hapa barabarani tunasema tu "banasema". Banasema barabara imefungwa. Banasema wale waliobaki Nyarugusu watavuka mwezi ujao. Hao "ba" ni nani? Hawaonekani, na hiyo ndiyo kazi ya neno lenyewe: linapitisha habari, mwenye habari anabaki nyuma ya mlango. Tukiwa na mashaka tunaongeza "ati". Ati wanagawa mabati! Mtu akisikia "ati" habebi kamba na kukimbia, anauliza kwanza.

Kiingereza nacho kina vipimo vyake. "It is known": mwandishi anaisimamia habari. "It is reported": kuna aliyeripoti, mwandishi hakuona mwenyewe. "It is believed": watu wanaona ni hivyo, ushahidi haujatimia. "It is rumoured": ni uvumi, na mwandishi amekwambia waziwazi. "Alleged" ni la mashitaka: kuna anayemsingizia au kumshitaki mwenzake, na bado hakuna aliyethibitisha. Magazeti ya Uingereza yanalitumia sana juu ya sheria, maana ukimwita mtu mwizi kabla korti haijasema, anaweza kukupeleka kortini wewe. Kwa Kiswahili tunaandika "anadaiwa kuiba". Muangalie hapo, musikate sentensi: "anadaiwa" peke yake ni mtu mwenye deni.

Sasa tufike penye shida. Kiingereza kinaweza kusema "It is said that she sold the plot", yaani inasemekana aliuza kiwanja. Lakini kinapenda kugeuza: "She is said to have sold the plot." Jina la mtu limekuja mbele, "sold" iko nyuma, na katikati kuna "is said to have", maneno madogo ambayo msomaji wa haraka anayaruka. Akiyaruka, mtu amekwisha kuuza.

Mama mmoja aliniletea karatasi ya namna hiyo. Kijana wa jirani alikuwa amemsomea hivi: "Wameandika uliuza kiwanja chako kabla ya kukimbia." Mama alikuwa halali usiku. Aliona ofisi imekwisha kukata maneno, basi aende tu kutafuta pa kupanga nyumba. Nikamsomea pole pole: hawakuandika aliuza. Waliandika kuna mtu anasema aliuza. Hiyo inafungua mlango, juu ukiambiwa "inasemekana" una haki ya kuuliza: ni nani anasema, alisema lini, kuna karatasi ya mauzo? Akaenda kuuliza. Ikaonekana ni neno la mtu mmoja tu, yule anayelima hapo sasa. Kesi haijaisha, lakini mama ameitwa na yeye kusema upande wake.

Muangalie pia wakati. "He is said to live in Kigoma": banasema anakaa Kigoma sasa. "He is said to have lived in Kigoma": banasema alikaa huko zamani. Kwa mtu anayetafuta ndugu yake, tofauti hiyo ni safari nzima ya boti. (Vijana wa shule, musiandike "They say him to live". Kiingereza kinakataa. Ni "They say that he lives".)

Kuna mtego mwingine, na huu ni wetu sisi tuliosoma Kifaransa. Redio inasema: "Deux personnes auraient été tuées." Sote tunaelewa: inasemekana watu wawili wameuawa, bado haijahakikishwa. Wengi wakiipeleka kwa Kiingereza wanaandika "Two people would have been killed." Mwingereza akisoma hivyo anauliza: wangeuawa kama nini ingetokea? Kwake ni kama watu hao walipona! Andika "Two people are reported to have been killed", au weka "reportedly". Nimeona kosa hilo kwenye taarifa za usalama, mahali ambapo mtu anasoma kusudi aamue kama gari litatoka au halitatoka.

Na mukisikia "the area is reported to be calm", kabla ya kufunga mizigo na kupandisha watoto kijijini, tafuteni tarehe ya ripoti. Utulivu wa tarehe 3 si utulivu wa tarehe 20. Ulizeni pia aliyeripoti alifika kule, au alipiga simu tu.

La mwisho ni kwa wale wanaoandikiwa maelezo yao. Kama uliona kwa macho, sema "I saw". Waandishi wetu wengine wanapenda kupamba, wanaweka "it is said that my house was burned", wakifikiri ndiyo heshima. Hapana! Nyumba yako iliungua ukiwa umesimama hapo, halafu karatasi inasema ni habari ya kusikia? Mwambie mwandishi akusomee tena kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla hujaweka kidole.

Siku ya posho, baada ya mkutano, nitabaki saa moja hapa. Mwenye barua ya Kiingereza aje nayo, tuisome pamoja. Leteni kopi, ile yenyewe muiache nyumbani.