Nani anakula umeme nyumbani?

Uniti za LUKU zikikata kabla ya mwezi kwisha, lawama huangukia taa ya barazani iliyokesha. Inaonewa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 hutumia uniti 0.11 hivi, hita ya kuogea ya wati 3,500 humaliza uniti nzima kwa takriban dakika 17.

Ushahidi uko kwenye mita. Iliyoandikwa 1000 imp/kWh, kitaa chake chekundu humweka mara 1,000 kwa kila uniti. Mwenye nyumba huzima kila kitu, akawasha kifaa kimoja, kisha akahesabu mimweko ya dakika moja na kuizidisha kwa 60. Mimweko 20 ni wati 1,200: kiwango cha pasi, kwa mfano. Kitaa kikiendelea kumweka wakati vyote vimezimwa, aitwe fundi mwenye leseni.

Jokofu lina ujanja wake. Mota huwaka na kuzima, hivyo kipimo cha dakika moja hudanganya. Lipimwe usiku kucha, peke yake.

Halafu kuna mpira wa mlango. Karatasi iliyobanwa pale ikichomoka kirahisi, baridi inavuja na mota haipumziki.