Karani na Wafanya Kazi Wenzake



Nataka kunena machache juu yetu sisi makarani. Tuna desturi mbaya: mtu akiisha kuvaa tai na kushika kalamu, hudhani chama cha wafanya kazi ni cha wapagazi na wafagiaji tu.

Nami nilikuwa vivyo hivyo. Tarishi wetu aliponialika mkutanoni, nilimjibu kwamba nina barua za kupiga chapa. Mwaka haukwisha nikaachishwa kazi pasipo notisi. Chama kile kile, ambacho sikukilipa ada hata senti, ndicho kilichonidaia mshahara wangu. Na aliyeniletea habari nyumbani ni tarishi yule yule. Niliona haya, wala haya ile haijanitoka.

Tuwakumbuke waliotutangulia. Harry Thuku alikuwa mpokea simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi. Lakini mwaka 1921, mishahara ya vibarua ilipokatwa, aliwasemea, na mwaka 1922 akakamatwa, akahamishwa hata Kismayu. Tom Mboya alianza kazi kama mkaguzi wa afya wa mji. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, alikwenda kuwatetea.

Ndugu zangu, elimu tuliyolipiwa kwa mbuzi na mahindi ya wazee wetu ni deni. Karani na aandike kumbukumbu za mkutano, amsomee mwenziwe mkataba, na alipe ada yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.