Mstari Usipotee Karatasini



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Nitasema juu ya mstari tu.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 hapa Kibiti na Rufiji, ramani ya nyumba ya bondeni yafaa ionyeshe kimo cha sakafu na alama ya maji yalipofika. Kwenye kioo mistari yote ni safi. Lakini mstari wa njano, ukichapwa kwa wino mweusi, hutoka kijivu, vidoti vidoti. Basi iamuruni programu ichape rangi zote kwa weusi kamili, na kila rangi ipewe unene wake: ukuta milimita 0.5, vipimo 0.25.

Kubwa zaidi ni karatasi. Ramani hupangwa kwa A1, fundi akapewa nakala ya A3, maana ndiyo rahisi. Hapo kila unene hupungua nusu: 0.18 hubaki 0.09, na fotokopi huumeza. Fundi hana kompyuta pale msingini. Asipouona mstari wa maji, atamwaga sakafu chini yake. Mimi huchapa ile A3 kwanza, nikaisomea nje juani.