Sisi tulirudi, wao walihama

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka

Leo komite haikuja na habari za mbegu wala za mabati. Tuliombwa tuseme juu ya watoto wetu wa miaka 12 mpaka 18, na tutasema hata yale yanayotuaibisha sisi wenyewe.

Wengi wetu tulivuka ziwa kukimbilia Kigoma katika vita vya 1996 na vya 1998. Tulikaa Lugufu, tulikaa Nyarugusu. Wa kwanza walianza kurudishwa na HCR kwa meli mwaka 2005. Lugufu ilifungwa 2009. Wengine wamefika juzi juzi, kila mtu kwa nauli yake. Siku tuliposhuka hapa, wazee walilia, wakashika udongo. Watoto walisimama pembeni na mizigo wakitutazama, na hakuna aliyejiuliza wanatazama nini. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu hakurudi popote. Sisi tulirudi, yeye alihama. Aliacha shule, timu ya mpira na marafiki, akaletwa mahali ambapo babu anamsemesha Kibembe na yeye hajui kujibu.

Kuna kijana mmoja wa kwetu, jina lake tunaliacha, na wazazi wamekubali tuseme. Alikuwa na miaka 15. Shuleni walimwita "Mutanzania" juu ya Kiswahili chake. Mwanzo alijibu, halafu akanyamaza, shuleni na nyumbani. Kichwa kikawa kinamuuma kila siku. Mama alimpeleka kituo cha afya, akapewa dawa ya malaria. Kichwa kikarudi, akapewa tena. Mara ya tatu wakasema ni tifoide. Usiku halali, asubuhi haamki. Baba alisema ni uvivu. Jirani alisema wamemroga juu ya shamba linalogombaniwa. Sisi komite, mama alipotufikia, tulimwambia: "Ni umri tu, itapita." Hilo jibu lilikuwa letu, tunalikubali.

Kitu kimoja alichokuwa bado anajali ni telefone. Akipata franga anaipeleka kuchajiwa, ananunua mega, anaongea na wenzake wa kambini mpaka moto uishe. Baba akaona telefone njo ugonjwa wenyewe. Jioni moja akaipiga chini, ikapasuka. Siku tatu nyuma yake kijana hakuonekana. Tulitafuta sokoni, hospitali, na njia yote mpaka ng'ambo ya mto Mutambala. Pesa ya likilimba ya wiki ile iliishia kwenye mafuta ya pikipiki. Alipatikana ufukweni, amejificha katikati ya magunia, ndani ya boti la wafanyabiashara lililokuwa linangoja upepo utulie liende Kigoma. Tulimuuliza alikuwa anakwenda wapi. Akasema, "Nilikuwa naenda nyumbani." Baba yake alikaa chini kwenye mchanga, na sisi hatukuwa na neno.

Kisha yale tukaenda kuuliza kwa wenye kujua. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba, wa miaka 10 mpaka 19, ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, kama vile huzuni isiyoondoka au woga usio na sababu. Hesabuni darasa moja la hapa kwetu lenye watoto 56: ni wanane. Na hiyo hesabu ni ya dunia nzima, si ya watu waliokimbia mara mbili. Si kila kijana anayenuna ni mgonjwa, tusije tukapeleka kila mtoto kwa muuguzi juu ya kununa. Lakini kama amebadilika wiki mbili na zaidi, ameacha mpira aliokuwa anaupenda, hali, halali, au anaamka usiku akipiga kelele, hapo mtafute mtu. Na kama kichwa au tumbo vinarudi kila mara na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, muulizeni muuguzi juu ya huzuni. Wengine hawataanza wao.

Juu ya telefone, hatusemi ni nzuri tu. Kuna wasichana wetu waliotumiwa maneno na watu wasiowajua, wakaombwa picha, kisha wakatishwa. Lakini binti anayejua atapigwa akisema, hatasema. Telefone ilale kwenye chumba cha mama, mtoto naye alale. Kuivunja hapana. Ile ya kijana wetu ilikuwa kamba ya mwisho iliyomshika, nasi tuliikata.

Juu ya maombi: sisi wenyewe ni watu wa kuomba. Ombeni, na muuguzi pia mumwone. Kumfunga mtoto kamba, kumnyima chakula siku tatu, kumpiga ili pepo litoke, chama hakitakubali kwa mwanachama yeyote, hata akiwa mchungaji.

Sasa neno gumu. Kama mtoto anasema heri afe, au anagawa vitu vyake bila sababu, muulize waziwazi: unafikiri kujiua? Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kunampa wazo. Hakumpi, kunampa mlango wa kusema. Dawa za panya na za shamba zitoke nyumbani. Usiku ule asilale peke yake. Asubuhi kituo cha afya, musingoje siku ya soko.

Katika sheria za chama, mfuko wetu unasaidia kifo, uzazi na ugonjwa. Tulibishana jioni nzima kama ukimya wa mtoto ni ugonjwa. Mzee mmoja alisema, "Siye tulikimbia tukitembea juu ya maiti, na hatukupewa mushauri." Mama mmoja akamjibu, "Na wewe mupaka leo haulalake, bibi yako anatuambiaka." Watu walicheka, mzee naye akacheka, kisha akapiga kura ya ndiyo. Kwa hiyo sasa mfuko unalipa nauli na dawa za kijana aliyeandikiwa na muuguzi.

Wafadhili, kwenu tunasema bila kuzunguka: hatuhitaji bango wala semina ya siku mbili yenye soda. Hospitali ya wagonjwa wa akili iko Bukavu, na kutoka hapa njia ni ndefu na si salama kila siku. Tunahitaji nauli hiyo, na dawa zisizokatika katikati ya mwezi. Tunahitaji pia minerval. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, sekondari siyo, na mtoto anayefukuzwa mbele ya darasa juu ya deni anarudi nyumbani na aibu ambayo hakuna dawa inayoiondoa.

Kijana wetu yuko. Baba alimnunulia telefone nyingine, ya mutumba, na alimwomba msamaha mbele ya babu, jambo ambalo kwetu wababa hatulizoei. Babu anamfundisha Kibembe, yeye anamwandikia babu barua zake. Bado anasema akimaliza masomo atavuka. Hatumkatazi.

Vijana wanakutana kila Jumamosi saa tisa, nyuma ya ofisi, na wamama wawili wanaowasikiliza. Wazazi hawaingii. Yaliyosemwa mule hayatoki, isipokuwa pale uhai wa mtoto uko hatarini. Wenye benchi walete, juu ya zetu ziliazimwa kwa harusi na nne hazijarudi.