Kutoka Unguja Hadi Pemba: Nusu Saa ya Mwisho



Nimetakiwa nizungumze juu ya safari ya nyumbani, nami nimechagua kipande chake kimoja tu: kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Pemba, karibu na Chake Chake. Kwa mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 125. Ndege ndogo ya injini moja, yenye viti kumi na kitu, humaliza mwendo huo kwa nusu saa hivi. Aliyekaa dirisha la kushoto hukiona kisiwa cha Mnemba, kisha bahari tupu, kisha mikarafuu.

Kutoka Sydney hadi Dar es Salaam ni kilomita 11,500 hivi, wala hakuna ndege ya moja kwa moja. Kwa njia ya Dubai ni takriban saa 14 hewani, kisha karibu saa sita nyingine. Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita 73, dakika 20. Watu wetu hujumlisha saa hizo wakadhani wameijua safari.

Nami nilijumlisha hivyo hivyo, mtu niliyekaa miaka mingi ofisini nikiidhinisha posho za safari za wenzangu! Nilipopata habari kwamba kaka yangu mkubwa yu mahututi huko Wete, nilikata tiketi ya kwanza niliyoipata. Nikafika Unguja jua linakuchwa. Ndege ya mwisho ya Pemba ilikuwa imekwisha kuondoka. Nikalala Mjini. Kaka alifariki alfajiri ile; mimi nilitua Pemba saa tatu asubuhi, nikakuta kaburi linachimbwa. Niliambiwa kuwa usiku kucha alikuwa akiuliza, “Hajafika?”

Wako walioniuliza kwa nini sikungoja meli. Tangu MV Spice Islander I ilipozama usiku mmoja wa Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakapotea, mimi sina moyo tena wa kuvuka mkondo ule usiku. Sioni haya kulisema.

Sasa shangazi yetu amepindukia miaka tisini, naye yuko Pemba, si Dar es Salaam. Mfuko wetu wa ukoo hulipa nauli ya msafiri mpaka Dar es Salaam, ukakomea hapo. Naomba kikao hiki kiubadilishe utaratibu huo, mfuko ulipe mpaka Chake Chake. Na anayesafiri achague ndege itakayomfikisha Unguja kabla ya adhuhuri, na kiti cha Pemba akilipie kabla hajatoka Blacktown.

Jambo la mizigo nalo: ndege ndogo hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15. Mablanketi mnayoniletea kila mwaka nikayachukue hayaingii, na msininunie.

Nimekuja na daftari. Atakayekwenda mwaka huu aandike jina lake na tarehe kabla hatujakaribishwa chakula, Mweka Hazina apate kupiga hesabu.