Pori haitalindwa na bunduki peke yake

Maneno tuliyowaambia vijana wa Goma



Tuanze nyumbani. Jana mama alipika sombe na nini? Na makala. Karibu kila nyumba ya muji huu iko na mbabula, na sehemu kubwa ya makala yetu inatoka mu parke ya Virunga. Basi tukisema "wanaharibu pori", tujue kama na sisi tuko ndani. Yule anayekata muti kule, anakata kwa sababu sisi huku tunanunua.

Virunga iliundwa mwaka 1925. Tangu 1979 iko mu urithi wa dunia wa UNESCO, na tangu 1994 iko mu urithi ulio hatarini. Kuilinda kumemwaga damu. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa siku moja, pamoja na dereva na raia. Walikuwa watoto wa familia kama zetu. Tunainamisha kichwa.

Lakini tuseme kweli: kandokando ya parke, kule Rutshuru, Nyiragongo na Beni, watu ni wengi na shamba ni kidogo. Ukimwambia baba mwenye watoto sita "usiingie", bila kumuonyesha pengine pa kupata chakula, atangoja usiku uingie, naye ataingia.

Ndiyo maana tunaleta hapa kazi ya Fondation Virunga, shirika lisilotafuta faida, linalosimamia parke pamoja na ICCN. Wao waliona kama maji ya mito ya parke yanaweza kutoa umeme, na umeme unaweza kutoa kazi. Walianza Mutwanga mwaka 2013. Mwishoni mwa 2015 ikaja Matebe, zaidi ya megawati 13, na nyaya zikafika mpaka huku Goma.

Kisha waliongeza mikopo. Mwenye kinu, seremala, fundi wa kuchomelea vyuma, anakopa ili apate mashine, na analipa kidogo kidogo kila mara ananunua umeme. Mashine ikifanya kazi, deni linapungua. Mutwanga kulijengwa kiwanda cha sabuni na kiwanda cha chokoleti. Kakao ya Beni iliyokuwa inaondoka mbegu tu, sasa kuna inayotoka ikiwa chokoleti. Na mradi wa EcoMakala wa WWF, tangu 2007, ulisaidia wakulima kupanda miti yao wenyewe ya makala, nje ya parke.

Tunasema asante. Lakini sisi si watu wa kupiga makofi tu. Tunadai mambo matatu.

Kwanza, mupaka wa parke. Wakulima waketi mezani kabla alama haijasimikwa, si nyuma. Mupaka ambao jirani haukubali, hata askari elfu hawatautosha.

Pili, mikopo na bei. Kijana asiye na parseli ya kuweka dhamana, mama anayeuza ndizi njiani, wao watakopa wapi? Na mama hataacha makala kwa sababu ya hotuba yetu. Ataacha siku ile kupika na umeme kutakula feza kidogo kuliko gunia la makala.

Tatu, hesabu wazi. Feza ngapi ziliingia, nani alikopeshwa, kazi ngapi zilizaliwa: vibandikwe pale wanakijiji wanasoma, mu Kiswahili. Na serikali isijifiche nyuma ya shirika. Usalama, barabara na umeme ni deni lake kwetu. Vita ikiendelea, nguzo moja ikianguka, kinu kinasimama, na yule kijana wa kinu anarudi porini ao anachukua silaha.

Na sisi? Tusingoje mutu. Wiki hii kila mumoja ahesabu makala ya nyumba yao kwa mwezi, na feza zinazoishia hapo. Tafuteni mbabula inayokula kidogo. Wenye ufundi, jiungeni watatu, wanne, mwende kuomba mukopo pamoja. Mukikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, mutuletee. Tutauliza kwa sauti, bila jiwe, bila matusi.

Pori hii tuliikuta. Tusiwe kizazi kilichoipika ikaisha.